Jiwe Namba Nne Si la Barafuni

Dada Milembe, ilumbu lyane,

Shikamoo. Sijui kutoka hapa nyumbani Ngokolo hadi huko mwisho wa dunia shikamoo inachukua siku ngapi, wala sijui marahaba yako itanikuta katika hali gani. Mwili wangu mzima. Mama mzima. Moyo ndio umehama, tangu Jumapili sijausikia mahali pake.

Barua hii nimeiweka wazi mtandaoni, kila mtu aisome. Najua hupendi. Wewe ni mtu wa kufunga mlango kwanza ndipo useme. Lakini ile simu yako ya setilaiti haipigiwi, unapiga wewe, na ulimwambia mama kwamba kuanzia Ijumaa hii kutakuwa kimya wiki mbili, kwa sababu mnatoka kambini kwenda kwenye ule ukuta wa barafu. Ofisi ya msafara wenu nimeiandikia mara tatu, kwa Kiingereza changu unachokijua, cha kidato cha pili kasoro. Mara ya kwanza nilijibiwa na mashine. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu nikajitazama kwa macho yao: kijana asiyejulikana, anatoka kwenye nchi ya dhahabu, anasema ana habari za siri kuhusu jiwe. Hata mimi ningefuta. Kwa hiyo naandika hapa, kwa Kiswahili, ambacho nakiweza kuliko watu wengi wenye vyeti, na ninamwomba yeyote anayemjua mtu anayemjua mtu huko barafuni asome mpaka mwisho. Asitafsiri yote. Mengi humu ni ya nyumbani. Atafsiri mstari mmoja tu, nitamwonyesha.

Sasa wewe dada, kaa kwanza. Usisome ukiwa umesimama.

Unakumbuka enzi za kokoto? Wewe darasa la sita, mimi la pili. Mama analetewa mawe makubwa kwa mkokoteni wa punda, sisi tunayapasua nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa napasua kama mtu mwenye ugomvi na mawe. Wewe ulikuwa unapasua moja, unaligeuza, unalitazama ndani kana kwamba kuna mtu anakaa humo. Halafu unalilamba.

"Milembe," mama anasema, "jiwe si muwa."

"Likilowa linaonekana vizuri, mama."

Nilikucheka mpaka nikapigwa na kipande cha jiwe kwenye goti. Alama ipo. Miaka ikapita, shule ikanishinda, au niseme mimi niliishinda shule maana ndiyo iliyonyosha mikono. Nikafika Geita, machimboni. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Lushinge, anashika jiwe, analilamba, analielekeza juani. Nikasema moyoni, kumbe dada yangu alizaliwa mchimbaji, amekosea njia tu akaenda chuo kikuu.

Na tangu siku ile mimi nimekuwa najiona tuko kazi moja. Wewe unaitwa mtaalamu wa miamba, mimi naitwa Maduhu, lakini wote tunakula kwa jiwe. Nimeshuka kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lenye urefu wa nguzo sita za umeme kwa kamba na tochi ya kichwani, huku nikiimba. Waulize Geita. Watakwambia hajawahi kuonekana mtu asiye na hofu kama yule kijana wa Shinyanga. Ndiyo maana naona aibu kukuandikia kwamba wiki hii siwezi kumeza hata michembe, viazi vyetu vikavu. Natafuna, inageuka mchanga mdomoni. Simu ya jirani ikilia nashtuka.

Turudi kwenye ule mwezi ulipopita nyumbani. Ulikuwa unatoka barafuni, unakwenda na mawe yako kwenye maabara, ukaomba siku tano za kumwona mama. Nikatoka Geita kuja kukulaki. Nilitegemea mtu amerudi kutoka nchi ya mbali na sanduku la zawadi, kumbe sanduku la mawe. Mawe sita, kila moja kwenye mfuko mweupe wa kitambaa, namba imeandikwa kwa wino mweusi. Ukanituma kufuli. Ukaliweka sanduku chini ya kitanda cha mama, ukalifunga, ukajaribu mara mbili kama limefunga kweli.

Mchana ule tukanywa chai, mama akauliza swali ambalo mtaa mzima ulitaka kuuliza: umekwenda kote kule kufuata mawe, kwani hapa yameisha?

Ukamweleza kwa upole, sijawahi kukusikia unaeleza vile. Ukasema bara lile la kusini kabisa karibu lote limefunikwa na barafu nene kuliko mlima wowote tunaoujua hapa, ardhi yake haionwi na mtu. Ni pale tu kilele au ukuta wa mwamba unapochungulia ndipo mnapoweza kuokota kitu. Kila jiwe ni dirisha. Ndani yake mna punje ndogo kuliko chumvi, inaitwa zirkoni, na punje ile ilipozaliwa ilifungia urani kidogo tumboni. Urani inageuka risasi taratibu, kwa mwendo ambao haubadiliki. Mnapima iliyobaki na iliyogeuka, mnajua jiwe lina umri gani.

"Risasi ya bunduki?" mama akauliza.

"Madini ni hayohayo, mama, ila hayana ugomvi na mtu."

Nikadakia. Nikasema ni kama mahindi ghalani na dumuzi. Ukikuta punje nyingi nzima na unga kidogo, yamewekwa juzi. Ukikuta unga mwingi na punje za kuhesabu, yamekaa.

Ukanitazama. "Maduhu, hiyo nitaifundishia."

Nilivimba siku nzima. Hata sasa, pamoja na yote haya, nimevimba kidogo.

Halafu ukasema zamani sana, kabla ya mtu, kabla ya ng'ombe, kabla ya majani, nchi zilikuwa zimegandamana kisha zikaachana, zikagandamana tena na nyingine. Bara lile la barafu na Afrika yetu vilikuwa kitu kimoja. Mama akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo walikuwa majirani zetu."

"Walikuwa majirani. Tunachotafuta ni ukuta upi ulipakana na ukuta upi."

Ukachukua mfuko wa namba nne, ukalitoa jiwe. La kijivu lenye wekundu kwa mbali, na mstari wa manjano mwembamba kama uzi umelipitia. Ukasema lile uliliokota chini ya ukuta wa barafu mahali ambapo hamtarudi, kwa sababu njiani mwenzako alizama mpaka kwapani. Theluji ilikuwa imefunika ufa, juu panaonekana uwanja, chini hakuna kitu. Kamba ndiyo iliyomshika. Ukanigeukia mimi: "Ni kama yale maduara ya zamani, Maduhu."

Hukuhitaji kusema zaidi. Utotoni tulikuwa kwa mjomba, ndama wake akakanyaga majani yaliyofunika shimo la wachimbaji wa zamani, akaenda. Hakufa upesi. Tulimsikia siku mbili. Hakuna mtu aliyekuwa na kamba ya kufika kule. Wewe ulinikalisha nyuma ya nyumba ukanibana masikio kwa viganja vyako, mikono ikachoka, ukabadilisha ukatumia magoti. Mimi nilikuwa namsikia hivyohivyo. Sikukwambia, kwa sababu ulikuwa umejitahidi.

Basi, ukalirudisha jiwe mfukoni na kusema neno lililoharibu kila kitu. Ulisema, "Hili ndilo la thamani kuliko yote."

Thamani, dada. Unamwambia mtu wa Geita thamani. Kwenu chuoni thamani ni umri. Kwetu machimboni thamani ina rangi moja tu, na rangi hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, imelipitia jiwe kama uzi. Machimboni hakuna mtu anayefunga jiwe kwa kufuli kama halina kitu. Nikajiambia dada ni mjanja, anatuzungusha na habari za majirani wa zamani, kumbe kule barafuni kuna dhahabu na hawa wasomi hawataki tujue. Kufuli nililinunua mimi. Linakuja na funguo mbili. Wewe nilikupa moja.

Asubuhi yake nilisema nakwenda Geita kuchukua nguo zangu. Namba nne ilikuwa kwenye mfuko wa jaketi.

Lushinge nilimkuta mwaloni, pale tunapotwanga na kuosha mawe. Akalipokea, akalilamba.

"Limetoka wapi?"

"Huulizi shimo la mtu."

"Lina baridi."

"Limetoka kwenye baridi."

"Njombe?"

"Mbele ya Njombe."

Akacheka. Tukalitwanga kwenye kinu cha chuma, lote, maana mimi sifanyi kazi nusu. Tukaosha kwenye karai. Ile manjano ikaelea, ikatembea na maji, ikaenda zake kwenye tope bila hata kugeuka kutuaga. Dhahabu hukaa chini, dada, kila mtoto wa Geita anajua. Ile haikukaa.

"Magwangala," Lushinge akasema akimwaga karai. "Magwangala ya daraja la kwanza, mdogo wangu. Umeyatoa mbali bure."

Wasomaji wasiotoka kwetu wajue: magwangala ni mawe ambayo mgodi mkubwa umeyatupa kwa kuona hayana kitu. Jiwe lako ulilolifuata hadi ncha ya dunia, mwenzako akaning'inia kwenye kamba kwa ajili yake, nililifanya magwangala kwenye kinu cha Lushinge kwa muda wa kuchemsha chai.

Nilirudi Ngokolo jasho linanitoka. Na hapa, dada, nitajisifu kwa mara ya mwisho. Nilikwenda kwenye lundo la mama la kokoto nyuma ya nyumba, lundo lilelile, nikachambua jua lote la mchana ule. Nililipata la kijivu lenye wekundu kwa mbali, ukubwa uleule, uzito uleule mkononi. Nililisugua na mchanga lisionekane jipya. Uzi wa manjano tu ndio sikuupata. Nikaliweka kwenye mfuko, nikaufunga kwa fundo lako lenyewe. Siku ya kuondoka ulihesabu mifuko, ukasema sita, ukafunga. Hukulitoa. Ulikuwa unatuamini.

Nilidhani yameisha hapo. Jiwe kwa jiwe. Mtu wa maabara atalisaga, ataona punje zake, atasema ni la zamani, kwani kuna jiwe la leo?

Miezi ikapita. Siku ile ulipopiga nilikuwa hapa nyumbani, mama kaweka simu kwa sauti. Ulikuwa unalia kwa furaha. Ukasema mawe matano yametoa umri wa familia moja, lakini namba nne ni mzee kupita yote, na umri wake unalingana na mawe ya kwetu. "Ya Shinyanga, mama. Jiwe la barafuni limelingana na mawe unayopasua wewe. Inaonekana pale ndipo tulipopakana."

Mama alipiga vigelegele. Alikwenda nyumba hadi nyumba kusema binti yake amegundua majirani wa Ngokolo. Mimi niliketi kwenye kiti nikahisi baridi ya lile jiwe kwenye mfuko wa jaketi, na jaketi sikuwa nimevaa. Bila shaka limelingana, dada. Lilikuwa linatoka nyuma ya nyumba yetu.

Nilisema, "Hongera, ilumbu." Hilo ndilo nililosema.

Na bado ningenyamaza, nikuambie ukweli. Ningekuacha na furaha yako mpaka tuzeeke, kwa kuwa mimi ni mwoga wa kukuona umekasirika. Lakini Jumapili ulipopiga ulitueleza lililobaki. Wenzako hawakuamini. Walisema labda mifuko ilichanganywa njiani. Ukawaambia haiwezekani, sanduku lilikaa nyumbani kwetu, chini ya kitanda cha mama yangu, kwa kufuli. Uliapa kwa kufuli la nyumbani kwetu. Wakasema basi njia ni moja, aende mtu pale pale akaokote lingine. Ukajitolea wewe. "Nitarudi mpaka chini ya ukuta, mimi mwenyewe. Lazima kuna mwamba wake pale."

Mama akanipa simu. Nilikuwa na wewe dakika mbili nzima. Ulisikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ukaniuliza, "Vipi, mbona kimya leo, umepata mchumba?" Nikakuuliza kama ni kweli jua huko halizami. Ukasema halizami. Nikasema basi utajuaje saa ya kula. Ukacheka, laini ikakata. Dakika mbili, Milembe, nikauliza habari za chakula.

Tangu hapo kila nikifumba macho nakuona unatembea kwenye uwanja mweupe, umefungwa kamba, unapima kwa fimbo, kwenda kutafuta mwamba ambao haupo. Ukiuzunguka ukuta wote hutauona. Na wewe ukikosa kitu huachi, unasogea hatua moja mbele, halafu moja tena, ndivyo ulivyo tangu utoto. Hiyo hatua moja ndiyo inayoniua. Nimeshuka chini ya ardhi nikiimba, na sasa naogopa uwanja ambao sijawahi kuukanyaga. Sina viganja vya kutosha kujiziba masikio.

Kama unadhani nakutania, maana nimekutania maisha yote, nenda kwenye picha ulizopiga kule kabla ya kufunga mifuko. Tazama namba nne. Uzi wa manjano upo. Halafu uliza maabara kama walipolisaga waliuona uzi. Kama wamebakiza kipande, upande mmoja una kovu la nyundo ya mama. Unalijua hilo kovu, mawe yenye kovu hilo uliyakalia utoto wako wote.

Leo asubuhi nilimwambia mama. Nilimsomea yote haya kutoka kwenye simu yangu, kuanzia shikamoo. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua uso hadi nilipofika chini, mahali nilipokuwa nimeandika maneno mengi ya kukuomba msamaha, mazuri kweli, mengine yana vina.

"Hiyo ya msamaha futa," akasema.

"Mama, nimekosa."

"Umekosa, ndiyo. Lakini ukimwomba msamaha ataanza kukuwaza wewe. Mtoto wangu akiwa juu ya barafu asikuwaze wewe. Aiwaze miguu yake."

Nikauliza, basi nimalizieje.

"Taja jiwe limetoka wapi. Mwambie asiende. Unyamaze." Akarudi kwenye mchele, lakini mikono haikuwa inachambua. Ilikuwa imeshika tu ungo.

Nimefuta. Ninayajua kwa moyo, utayasikia siku ukiwa umekaa hapa mbele yangu, umenuna, una haki ya kuninasa kofi na mimi sitakwepa. Wenzako wataniita mwizi, ni sawa. Na wewe watakuuliza ulikuwa unawaamini vipi watu wa kwenu.

Sasa huyu mwenye kutafsiri, mstari wako ni huu, usiongeze neno: Jiwe namba nne ni la Ngokolo, Shinyanga, Milembe asiende kwenye ukuta, pale hakuna kitu.

Dada, geuka. Kanyaga pale ulipokanyaga wakati wa kwenda.

Mdogo wako wa kuzaliwa,
Maduhu